Kupika Nyama na Mazao ya Mizizi katika Chungu cha Umeme Vikaiva Pamoja

Anayetia nyama na viazi kwa mara ya kwanza katika chungu cha umeme cha kupikia polepole hutarajia kwamba viazi vitatangulia kuiva na nyama itachelewa, kwa sababu ndivyo alivyozoea: nyama ya bucha huchemshwa saa nzima au zaidi, kisha viazi hutiwa mwishoni na kuiva kwa dakika ishirini. Katika chungu hiki mambo huwa kinyume. Baada ya saa sita nyama inaachana na mfupa, lakini karoti iliyokuwa juu bado inagoma kwenye jino, na kiazi kina ugumu usiofanana na ubichi wala kuiva. Nilipakua chakula cha namna hiyo mara tatu kabla ya kuelewa kwamba kosa halikuwa la nyama wala la chungu, bali la mpangilio wangu. Mwongozo huu unafuata kanuni niliyoipata hapo: panga kila kitu kwa ajili ya mizizi, na nyama itaiva yenyewe.

Chombo chenyewe

Chungu ninachokizungumzia kisichanganywe na presha kuka, ambayo hubana mvuke na kupika kwa haraka, wala na raisi kuka, ambayo huacha kupika maji yanapokauka. Hiki ni chungu kizito cha kauri kilichokaa ndani ya ganda la chuma, chenye mfuniko, mara nyingi wa kioo, na waya za moto zilizozungushwa ubavuni na, kwa baadhi ya aina, chini pia. Hutumia umeme kidogo, kwa kawaida kati ya wati 150 na 300, hivyo chungu cha wati 200 kikipika kwa saa nane hakizidi yuniti 1.6. Kina nafasi mbili za kupikia, moto mdogo na moto mkubwa, na mara nyingi ya tatu ya kuhifadhi chakula kikiwa cha moto. Watu wengi hudhani kwamba moto mkubwa hufikisha joto la juu zaidi. Kwa vyungu vingi nafasi zote mbili huishia karibu na joto lile lile, chini kidogo ya kuchemka. Kinachotofautiana ni muda wa kufika huko, na muda huo ndio unaoamua viazi vitakuwaje.

Aliyeletewa chungu na ndugu anayeishi Marekani aangalie kwanza maandishi yaliyo chini ya ganda. Umeme wa majumbani huko ni wa volti 120, ilhali wa Tanzania ni volti 230 na wa Kenya volti 240, na chungu cha volti 120 kikichomekwa moja kwa moja kwenye soketi za huku kitaungua. Kinahitaji transfoma ya kushusha umeme yenye uwezo unaozidi wati za chungu chenyewe.

Chungu cha zamani au kilichonunuliwa mtumba kipimwe kabla ya kutiliwa nyama. Tia maji ya kawaida hadi nusu, funika, washa moto mdogo, kiache saa nane bila kukifunua, kisha funua na upime joto mara moja kwa kipimajoto cha chakula. Maji yanapaswa kuwa kati ya nyuzijoto 85 na 93 za Selsiasi. Yakiwa chini ya 85, chungu hicho hakifai tena kupikia nyama, kwa sababu kitaichelewesha mno katika joto ambalo vijidudu huzaliana. Yakizidi sana, chungu kinafaa lakini kitapika haraka kuliko saa nitakazozitaja, na ni vema upunguze saa moja.

Kwa nini mizizi huchelewa

Ugumu wa nyama ya ng'ombe aliyetembea sana hutokana na utando na kano zenye kolajeni, protini ngumu ambayo hulainika na kugeuka kuwa ute ule unaonata midomoni. Mageuzi hayo huanza joto linapofika nyuzijoto 70 hivi na huendelea kimyakimya, mradi tu nyama ipewe muda. Viazi, karoti na mihogo havishikamani kwa kolajeni. Hushikamana kwa pektini, gundi ya asili ya mimea, na pektini hailegei ipasavyo mpaka joto lipite nyuzijoto 85 hivi. Kwa hiyo katika chungu kinachopanda joto polepole, nyama huanza kuiva saa kadhaa kabla ya kiazi kuanza hata kulainika.

Kiazi mviringo kina tabia nyingine inayozidisha tatizo. Kikikaa muda mrefu katika joto la kati, takribani nyuzijoto 50 hadi 65, kimeng'enya kilichomo ndani yake huibadilisha pektini ikashikamana na kalsiamu na kuwa ngumu zaidi kuliko ilivyokuwa. Ugumu huo hauondoki kwa urahisi hata ukikiongezea saa mbili. Ukitia viazi vya baridi, nyama ya baridi na maji ya bombani, kisha ukawasha moto mdogo, umekipa kiazi muda wote kinaouhitaji ili kigome. Dawa yake ni kukivusha haraka katika joto hilo: anza kwa maji yanayochemka na kwa moto mkubwa.

Jambo la tatu ni ukali. Nyanya, ndimu, ukwaju na siki huizuia pektini kulainika, ndiyo maana viazi vilivyozama katika rojo la nyanya tangu mwanzo huchelewa mno. Mpishi wa jiko la mkaa haoni tofauti hiyo sana kwa kuwa mchuzi wake unatokota kwa nguvu, lakini katika chungu cha umeme utaiona.

Kuchagua nyama

Usinunue sarara wala steki nzuri kwa ajili ya mapishi haya. Nyama laini isiyo na kano haina kitu cha kugeuka ute, na baada ya saa nane huwa kavu na yenye nyuzinyuzi hata ikiwa imezama mchuzini. Mwombe muuza nyama akukatie shingo, bega, kidari au nyama ya muundi pamoja na mfupa wake wenye uboho. Mkia wa ng'ombe ni bora kuliko vyote, ingawa bei yake hupanda. Kwa watu sita kilo moja ya nyama yenye mifupa kidogo inatosha.

Vitabu vingi vya mapishi ya chungu hiki vimeandikwa Ulaya na Marekani, ambako nyama ya ng'ombe kwa kawaida hutundikwa kwenye ubaridi kwa siku kadhaa kabla ya kuuzwa, na ng'ombe wenyewe mara nyingi ni wachanga waliolishwa kwa kunenepeshwa. Nyama ya bucha zetu aghalabu imechinjwa usiku au alfajiri ya siku hiyo hiyo, na ng'ombe ametembea malishoni miaka kadhaa. Kwa sababu hiyo, kitabu kinaposema saa sita kwa moto mdogo, mimi huhesabu nane.

Nyama iliyokatwa kwa panga au shoka huwa na chembe za mfupa, nazo katika chungu hiki hutulia chini, katikati ya viazi. Isuuze haraka ndani ya bakuli la maji badala ya kuielekeza kwenye bomba linalorusha matone, ichuje, kisha uikaushe kwa kitambaa safi au karatasi za jikoni. Kukausha huku si usafi tu, kwani nyama yenye maji haiwezi kukaangika. Ikate vipande vya sentimita nne hadi tano, vikubwa kuliko vya mchuzi wa kawaida, kwa maana vidogo vitasambaratika. Nyama iliyoganda ya friza lazima iyeyuke kabisa ndani ya friji kabla ya kuingia chunguni. Anayezoea kulainisha nyama kwa paipai bichi aliache safari hii. Kazi hiyo itafanywa na muda, na paipai litaifanya nyama kuwa uji.

Kuchagua na kuandaa mizizi

Kwa kilo moja ya nyama, tumia gramu 400 za viazi mviringo, gramu 400 za mihogo na karoti tatu za kadiri. Viazi na karoti vikatwe vipande vya sentimita tatu, vyote vya ukubwa ulio sawa kadiri iwezekanavyo, kwa kuwa katika chungu hiki huwezi kuchokonoa na kutoa kilichotangulia kuiva. Viazi vigumu visivyovurugika upesi ndivyo vinavyofaa, na kile kinachopasuka unga kinapochemshwa kitaishia kuwa uzito wa mchuzi.

Mihogo inahitaji uangalifu wa peke yake, na hapa naomba msomaji asiruke mstari. Muhogo una viasili vinavyozalisha sianidi, ambayo ni sumu, unapokatwa au kusagwa. Mihogo mitamu inayouzwa sokoni kwa kuchemsha au kukaanga ina kiasi kidogo, na ile michungu ina kiasi kikubwa ambacho huhitaji kulowekwa, kuvundikwa na kukaushwa kwanza. Tumia mitamu pekee. Hata hivyo, usiitie mibichi moja kwa moja katika chungu cha umeme. Sianidi hiyo hugeuka mvuke kwa urahisi, kiasi kwamba sufuria iliyo wazi inayochemka huifukuza, ilhali chungu hiki hupanda joto polepole na mfuniko wake hurudisha kila tone la mvuke ndani. Njia salama ndiyo ile ile ya mama zetu, ya kuichemsha kwanza na kuyamwaga maji yake.

Menya ganda la kahawia pamoja na lile la pili jeupe au la rangi ya waridi lililoshikana na nyama ya muhogo, pasua kwa urefu, ondoa mzizi mgumu wa katikati, kata vipande vya urefu wa kidole cha kati, kisha vichemshe katika maji mengi yenye chumvi, bila mfuniko, kwa dakika 15 hadi 20, mpaka uma uingie kwa kugoma kidogo. Muhogo wenye michirizi ya buluu au nyeusi ndani umeanza kuharibika, na ule wenye ladha ya uchungu mkali utupwe. Mwaga maji yote. Walio Ulaya au Amerika ya Kaskazini hupata mihogo iliyomenywa na kugandishwa katika maduka ya vyakula vya Kiafrika na vya Kiasia. Nayo ichemshwe vivyo hivyo.

Magimbi, ambayo Wakenya wengi huyaita nduma, nayo yasiingie mabichi. Yana chembechembe kali kama sindano zinazowasha koo na ulimi zisipopikwa sawasawa, kwa hiyo yachemshe dakika 20, umwage maji, ndipo uyatumie mahali pa mihogo.

Viazi vitamu ni suala la ladha. Vikipashwa joto polepole, wanga wake hugeuka sukari kwa wingi zaidi kuliko vikichemshwa haraka, hivyo chungu hiki huvifanya vitamu mno. Wengine wanapenda utamu huo pamoja na nyama ya chumvi. Mimi naona unafunika ladha ya nyama, na nikivitumia hutia vyeupe au vya njano vilivyo vikavu, visivyozidi gramu 200, tena saa tatu kabla ya kupakua. Vile vya rangi ya chungwa havistahimili hata hizo saa tatu.

Viungo

Andaa vitunguu maji viwili, punje sita za kitunguu saumu, kipande cha tangawizi chenye ukubwa wa kidole gumba, nyanya mbili zilizoiva, kijiko kimoja cha chai cha bizari nyembamba, nusu kijiko cha chai cha pilipili manga ya unga, kijiti kimoja cha mdalasini, vijiko viwili vya chai vya chumvi, vijiko vitatu vikubwa vya mafuta, mililita 300 za maji yanayochemka, mililita 200 za tui zito la nazi, ndimu moja na fungu dogo la kotmiri. Mdalasini, iliki na karafuu nzima hutoa ladha kwa saa zote nane bila kupumzika, kwa hiyo robo ya kiasi ulichozoea inatosha. Karafuu mbili zaweza kuifanya nyama inuke kama dawa ya meno.

Kukaanga kwanza

Chungu cha umeme hakifiki nyuzijoto 100, na rangi ya kahawia yenye harufu ya nyama choma huhitaji zaidi ya 140. Hiyo ndiyo sababu nyama iliyotiwa mbichi hutoka ya kijivu na mchuzi wake una ladha ya maji ya kuchemshia. Pasha kikaango kizito, tia mafuta, kaanga nyama kidogo kidogo kwa mafungu mawili au matatu bila kuijaza, mpaka kila kipande kiwe kahawia angalau pande mbili. Itoe, uinyunyizie chumvi na pilipili manga.

Katika mafuta yale yale kaanga vitunguu maji mpaka viwe vya dhahabu, ongeza kitunguu saumu na tangawizi vilivyotwangwa, kisha bizari kwa nusu dakika. Usiache hatua hii kwa kisingizio cha haraka, kwa kuwa kitunguu saumu kibichi hubaki na ukali mbichi hata baada ya saa nyingi, na kitunguu maji kisichokaangwa hutoa maji yanayouzimua mchuzi. Mimina maji yanayochemka kwenye kikaango na ukwangue ukoko wote ulioganda chini kwa mwiko, maana humo ndimo ilimo nusu ya ladha.

Nyanya zikaange peke yake baadaye, katika mafuta kidogo, mpaka zikauke na mafuta yajitenge, uziweke pembeni. Zitaingia mwishoni.

Kupanga chunguni

Wapishi wa pwani waliopalia makaa juu ya mfuniko walijua kwamba chakula huiva kinapoelekezewa moto, wakaupeleka moto ule mahali ulipohitajika. Katika chungu cha umeme moto hauwezi kuhamishwa, kwa hiyo chakula ndicho kinachohamishwa. Sehemu zenye joto zaidi ni chini na kando za kauri, na hapo ndipo penye haki ya mizizi. Tandaza karoti kwanza, kwa kuwa ndizo zinazochelewa kuliko vyote, ziguse kauri. Fuatisha viazi, ukivisukuma kandokando. Weka kijiti cha mdalasini. Kisha panga nyama juu yake, mifupa ikielekea chini. Mimina maji ya kikaango yakiwa bado ya moto pamoja na vitunguu vyake. Yatafika nusu ya kina cha chakula hivi, nayo yanatosha. Usiongeze. Mvuke hautoki, nyama na mboga zitatoa maji yake, na mwishoni kiasi kitakuwa maradufu.

Chungu kijae kati ya nusu na theluthi mbili. Kikiwa chini ya nusu chakula huungua kandoni, na kikijaa hadi mdomoni katikati hapafikiwi na joto kwa wakati. Kwa vipimo hivi chungu cha lita tano kinafaa. Mwenye cha lita tatu na nusu apunguze kila kitu kwa theluthi moja.

Saa za kupika

Washa moto mkubwa kwa saa moja, kisha shusha hadi moto mdogo kwa saa saba. Saa ile ya kwanza ndiyo inayovusha viazi katika joto la hatari niliyoieleza, na ndiyo inayoivusha nyama pia katika eneo la kati ya nyuzijoto 4 na 60 ambamo bakteria huongezeka haraka. Mwenye haraka aweza kupika kwa moto mkubwa tangu mwanzo hadi mwisho kwa saa tano, ingawa nyama hutoka na nyuzi zilizokaza kidogo.

Usifunue kuchungulia. Kila mara mfuniko unapoondolewa, mvuke uliokusanyika hupotea na chungu huhitaji kati ya dakika 15 na 30 kurudisha joto lake, na mizizi ndiyo inayoadhibiwa. Mfuniko ufunguliwe mara mbili tu, isipokuwa unapotia viazi vitamu. Mara ya kwanza ni baada ya saa sita tangu kuwasha: tia mihogo uliyochemsha na nyanya ulizokaanga, zamisha kwa mwiko bila kukoroga kwa nguvu, funika. Mara ya pili ni nusu saa kabla ya kupakua, unapotia tui.

Kwa anayekwenda kazini, mizizi imenywe na kukatwa usiku, viazi viwekwe katika maji na karoti pembeni, vyote ndani ya friji, na mihogo ichemshwe usiku huo huo. Nyama ibaki mbichi mpaka asubuhi. Kuikaanga nusunusu usiku na kuilaza si salama. Akiwasha saa kumi na mbili asubuhi na kushusha moto saa moja anapotoka, atarudi saa kumi jioni akute nyama imelainika, atie mihogo na nyanya, apandishe moto mkubwa kwa saa moja, kisha atie tui. Saa hizo za ziada nyama ya shingo inazistahimili vizuri.

Wakati wa Ramadhani chungu hiki kina faida ambayo sijaipata kwa jiko jingine. Mihogo na magimbi ni vyakula vya futari tangu hapo, na mpishi aliyefunga hutaabika zaidi akisimama kando ya moto saa za alasiri. Akipanga chungu saa nne asubuhi, kitu pekee kinachobaki ni mihogo ya saa kumi na tui la mwisho, na kwa magharibi chakula kiko tayari. Kwa kuwa hawezi kuonja, apime chumvi kwa kijiko badala ya kukisia.

Kumalizia

Tui lisitiwe tangu mwanzo. Likikaa motoni saa nyingi hukatika, mafuta yakaelea na machicha meupe yakazama. Ondoa kwanza mafuta ya nyama yaliyoelea kwa upawa, ndipo utie tui zito, lile la kwanza lililokamuliwa kabla ya kuongezwa maji mengi, zungusha chungu taratibu, na uache kwa moto mkubwa kwa dakika 20 hadi 30. Tui jepesi halina nafasi katika mapishi haya, kwa sababu maji tayari yamezidi.

Mchuzi ukiwa mwepesi, usitie unga. Ponda vipande vitatu vya kiazi kwenye ukuta wa chungu na uvichanganye, au mimina mchuzi kwenye sufuria uuchemshe kwa nguvu dakika kumi kabla ya kutia tui. Pima nyama kwa kuisukuma kwa uma: isambae yenyewe kwenye nyuzi. Pima karoti kuliko kiazi, kwa maana karoti ikiwa laini kila kitu kimeiva. Kama bado ni ngumu, ongeza saa moja kwa moto mkubwa kabla ya ndimu kuingia. Kamua ndimu na nyunyiza kotmiri ukiwa umeshazima. Chakula hiki kina wanga wake, hivyo hakihitaji wali. Mchicha uliopikwa kavu na kachumbari yenye pilipili vinakitosha.

Ukitaka kubadili

Nyama ya mbuzi yenye mifupa hufuata saa zile zile, ikiongezwa tangawizi. Kuku wa kienyeji aliyekomaa huiva kwa saa sita, na wa kisasa kwa saa nne tu, kwa hiyo kwa kuku wa kisasa kata karoti na viazi nusu ya ukubwa niliotaja.

Anayependa kuchanganya maharage mekundu aangalie sana. Chombo hiki kina historia ya karibu na maharage: Irving Naxon wa Chicago alikipatia hataza, yaani haki ya mvumbuzi, mwaka 1940 na kukiuza kwa jina la Naxon Beanery, kabla ya kampuni ya Rival kukitangaza upya mwaka 1971 kwa jina la Crock-Pot. Hata hivyo maharage mekundu mabichi yana sumu ambayo joto la moto mdogo haliiondoi na inayosababisha kutapika kukali. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji, yachemshe kwa nguvu jikoni si chini ya dakika kumi, ndipo yaingie chunguni.

Umeme ukikatika, na kiporo

Umeme ukikatika ukiwa nyumbani, usisubiri urudi. Hamishia chakula katika sufuria na ukimalizie kwa gesi au mkaa mara moja. Kama kilikuwa kimeshaiva kabisa, kinaweza kubaki kimefunikwa chunguni kwa muda usiozidi saa mbili. Lakini ukirudi kutoka kazini ukakuta saa ya ukutani ya umeme inawaka na kuzima, ishara kwamba umeme ulikatika na kurudi usijue ulikaa muda gani, chakula hicho kitupwe, hata kama kinaonekana kizuri na kinanukia. Najua uchungu wa kumwaga kilo ya nyama, lakini sumu inayoachwa na baadhi ya bakteria haiondolewi kwa kuchemsha tena.

Kilichobaki kitolewe chunguni ndani ya saa mbili, kigawanywe katika vyombo visivyo na kina ili kipoe haraka, na kiingizwe katika friji. Chungu cha kauri chenyewe kisiingizwe humo, kwani ni kizito na huhifadhi joto kwa saa nyingi, na kikitolewa cha baridi na kuwekwa motoni hupasuka. Kiporo kipashwe katika sufuria mpaka kichemke kote, kamwe si katika chungu cha umeme, ambacho kingekirudisha polepole katika joto lile lile tunalolikimbia. Chungu kikiwa bado cha moto usikimiminie maji baridi. Kiache kipoe, ukiloweke kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, na ukoko wa kandoni utatoka kwa sponji laini bila kuparuza kauri.